Fundi wa Ofisi Nzima

Jumatatu asubuhi, watu wa jengo zima walikuwa wamebanana mbele ya lifti moja tu iliyokuwa ikifanya kazi. Mlango ulipofunguka waliingia kwa viwiko, na lifti ikaanza kupiga kelele: uzito umezidi. Hakuna aliyejongea. Mmoja aliangalia dari, mwingine akajitia kusoma simu, na bwana mmoja mwenye tai akavuta tumbo ndani kana kwamba hilo lingesaidia.

"Jamani, natoka mimi, tusije tukazeekea humu," alisema binti mmoja aliyevaa gauni la kijani lililomkaa vizuri kiunoni, akaruka nje. Papo hapo, kutoka upande wa pili, kijana mrefu mwenye begi mgongoni naye akatoka. Mlango ukafungwa. Lifti ikapanda zake.

Wakabaki wanatazamana.

"Sasa wewe umetokea nini?" binti akauliza.

"Nilitaka nikuachie nafasi, dada."

"Umeniachia nafasi gani na mimi niko nje?"

Kijana akacheka, mwanya ukaonekana katikati ya meno yake, na binti akasahau kwamba alikuwa amekasirika. Wote walikuwa wanakwenda ghorofa ya sita, kwenye kampuni moja ya bima. Wakashika ngazi. Walipofika ghorofa ya tatu, binti alikuwa amebeba viatu mkononi na tayari ameshamweleza mwenzake nani anaiba chakula cha watu kwenye friji, nani anazidisha baridi ya kiyoyozi mpaka watu wanafanya kazi na makoti, na jinsi Meneja anavyosema "tukae dakika mbili" halafu mnatoka mchana umepita.

"Unaongea na huku unapanda ngazi," kijana akamwambia, akihema. "Pumzi unaipata wapi?"

"Kazini wananiita Chiriku. Niko kwenye simu za wateja, nalipwa kwa kuongea. Na wewe?"

"Mimi ndiye fundi mpya wa kompyuta. Nalipwa kwa kusikiliza watu wakiniambia, 'Sijagusa kitu, imejizima yenyewe.'"

Mapenzi yao yalianzia hapo. Kabla msimu ule wa mvua haujaisha walikuwa hawapitishi jioni bila kuonana, lakini ofisini waliitana "Fundi" na "dada" kama watu wasiojuana. Chiriku ndiye aliyetaka hivyo.

"Hawa wakijua, hata anayetuletea maji atauliza harusi lini," alisema. "Tuyaache mambo yetu yawe yetu, mpenzi."

"Sawa, mama. Ukitaka kusema, utasema wewe."

Siri ile ilikuwa tamu mwanzoni. Siku moja simu ya mezani ya Fundi ililia, naye akaipokea kwa sauti ya kazi.

"Fundi hapa."

"Nina tatizo," Chiriku alinong'ona, hedifoni kichwani, macho kwenye skrini kama mtu anayehudumia mteja.

"Tatizo gani, dada?"

"Roho inanidunda."

"Umejaribu kuizima na kuiwasha?"

"Nikiizima nakufa."

"Basi usiiguse. Nikitoka kazini nakuja kuikagua mwenyewe."

Lakini fundi wa kompyuta ni wa ofisi nzima. Huku wanamwita printa imekula karatasi, kule mtu kasahau neno lake la siri, na kila aliyemwita alikuwa na kicheko cha kumpokelea. Chiriku, akiwa anamweleza mteja aliyefoka kwa nini madai ya gari lake yamechelewa, alikuwa anamfuata Fundi kwa macho meza baada ya meza. Wivu ulimpanda akiwa amekaa, wala hakuwa na pa kuupeleka, maana mwenyewe ndiye aliyeapa mtu asijue. Na kazi yenyewe ilikuwa imemzidi. Mwenzake wa meza ya pili alikuwa ameacha kazi, Meneja akasema "tunatafuta mtu", na tangu hapo Chiriku akawa anapokea simu za watu wawili.

Aliyemkera kuliko wote alikuwa mhasibu.

Mhasibu huyo walimwita Malkia. Alikuwa mwanamke wa miaka kama arobaini, mrefu, mwenye sketi zilizopigwa pasi mpaka zikakata na marashi yaliyotangulia mlangoni kabla yake. Ukipishana naye koridoni ukamwamkia, alipita kama hukusema neno. Ukikaa ubavuni mwake jikoni wakati wa chai, hakugeuka. "Maringo yale atazikwa nayo," Chiriku alizoea kusema. Sasa Malkia huyohuyo, asiyeona watu, alikuwa anamwona Fundi. Kila siku Fundi alikuwa mezani kwake, kiti kimesogezwa, kichwa kimeinamishwa karibu na kichwa chake, wanazungumza kwa sauti ya chini.

"Kompyuta ya Malkia ina ugonjwa gani usiopona?" Chiriku alimuuliza jioni moja, wamekaa kwenye ngazi za nyumba aliyopanga Chiriku.

"Kazi tu, mama."

"Kazi gani hiyo ya kunong'onezana?"

Fundi alimshika mkono. "Chiriku wangu, nakupenda wewe. Hilo lishike, mengine yaache."

Hakuyaacha. Jumatano, saa ya chakula, alishuka kununua matunda kwenye duka la ng'ambo. Alikuwa anachagua maembe alipoinua kichwa akawaona. Fundi na begi lake, Malkia na gauni la manjano lililong'aa juani, wanavuka barabara. Malkia alikuwa amempitishia mkono kwenye kiwiko, amemshikilia kama bibi harusi.

Chiriku alirudisha embe, akatoa simu.

"Uko wapi, mpenzi?"

Alimwona Fundi akiisogeza simu sikioni upande wa pili wa barabara. "Nimetoka kidogo. Naenda tawi letu la pili."

"Peke yako?"

Magari yalipita. "Peke yangu."

"Haya. Kazi njema," alisema Chiriku, akakata, akabaki amesimama mbele ya muuza duka, ambaye alimuuliza kwa upole kama anataka maembe au hataki.

Alimpigia dada yake mkubwa akilia. Dada yake akamsikiliza mpaka mwisho.

"Mwulize mwenyewe uso kwa uso, mdogo wangu. Mwambie umemwona."

"Nimemuuliza kwenye simu, akanidanganya huku namtazama! Nimuulize tena anidanganye mara ya pili?"

Kesho yake hakumuuliza. Alikwenda kwa Meneja.

"Bosi, simu zangu zinakatika tangu juzi na fundi hapatikani. Asubuhi yuko kwa mhasibu, mchana ametoka na mhasibu. Sisi wengine tumtafute wapi?"

Simu zake hazikuwa zimekatika hata mara moja.

Meneja aliwaita wote watatu, akafunga mlango. Alikuwa mtu anayeyaogopa makao makuu, na mtu mwoga hukaripia kwanza.

"Jana mchana mlikuwa wapi nyinyi wawili?"

Fundi alitazama sakafu. "Siwezi kusema, mzee."

"Huwezi? Unajua naweza kukuandikia barua sasa hivi?"

"Niandikie. Lakini siwezi kusema."

Chiriku alimkazia macho Fundi. Yaani yuko tayari kupoteza kazi kwa ajili ya huyu mwanamke! Akageuka amtazame Malkia, amwone anavyofurahi, akakuta machozi yanamshuka mpaka kwenye kola.

"Mwache kijana wa watu," alisema Malkia. "Alinipeleka kwa daktari wa macho. Nina presha ya macho. Mbele naona, pembeni ni giza. Mtu akinisalimia ubavuni simwoni, najua tu baadaye kwamba amenuna. Kwenye skrini, tarakimu za kando zinanipotea. Amenikuzia maandishi, na kila Jumatano ananishika mkono nivuke barabara. Nilimwapisha asimwambie mtu, maana mkataba wangu unaisha mwezi huu na nyumbani namlea mama yangu. Sasa mmejua."

Meneja alikohoa. Alivua miwani, akaivaa. Kisha akasema kwamba mhasibu asiyeona tarakimu ni jambo zito, akapumzike nyumbani kwanza, wakubwa waamue.

Koridoni, Chiriku alimkimbilia Fundi, akamshika mkono wa shati.

"Ulinidanganya. Nilikuona kwa macho yangu, ukanidanganya."

"Nilikudanganya, na hilo ni kosa langu," alisema Fundi taratibu. "Ungenipigia kelele ningekaa kimya. Ungenifungia mlango ningelala nje. Lakini umemburuta mwanamke asiyekukosea mpaka kwa bosi. Hilo ni lako, Chiriku."

Akautoa mkono wake, akaenda. Jioni ile hakuja, wala zilizofuata. Chiriku alimpigia simu, ikaita mpaka ikachoka. Ofisini Fundi alimpita akasema "habari za kazi, dada," na safari hii neno hilo halikuwa mchezo. Chiriku aliona meza ya Malkia karibu na dirisha ikiwa tupu, akasikia watu wakinong'ona jikoni kwamba Malkia amefukuzwa kwa wizi, na chakula kikamshinda.

Jumamosi alijipa moyo, akaenda nyumbani kwa Malkia. Alimkuta kibarazani anakunja nguo, amevaa khanga na fulana, bila marashi wala umalkia wowote. Alipiga hodi akiwa mbele yake kabisa ili aonekane.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umekuja kuangalia kama nimefia humu?"

"Nimekuja kuomba msamaha. Simu hazikuwa mbovu. Nilisema uongo. Yule Fundi ni mchumba wangu, nikawaona mmeshikana, nikaona moto."

Malkia aliacha kukunja. "Mchumba wako? Mbona hakuniambia hata siku moja?"

"Nilimkataza asimwambie mtu."

Mwanamke yule akacheka, kicheko kikavu kisicho na furaha. "Kwa hiyo kijana wa watu alikuwa amebeba siri mbili, yako na yangu. Yako ameitunza, na wewe uliyempa ndiye uliyemshitaki kwa sababu ya yangu."

Chiriku alikaa chini, akavuta shuka kutoka kwenye kapu, akashika ncha mbili. Baada ya muda Malkia akashika mbili nyingine, wakakunja pamoja.

"Dada, njoo ukae na mimi kwenye simu. Mpaka daktari amalize kazi yake. Kule unahitaji masikio na subira tu, na kiti kiko wazi."

"Mimi ni mhasibu."

"Najua. Hata wateja wataona raha kuhudumiwa na mtu anayejua hesabu zao."

"Na wewe utaweza kukaa na mimi kutwa nzima?"

"Sitakudanganya. Ukicheka na Fundi itaniuma. Lakini njoo."

Jumatatu, Chiriku aliingia kwa Meneja kabla bosi huyo hajavua koti.

"Mlisema mnatafuta mtu wa simu. Mtu yupo, ni Malkia."

"Mambo hayaendi hivyo, binti. Lazima wakubwa…"

"Basi waambie wakubwa kwamba kuanzia leo napokea simu za mtu mmoja. Zile nyingine nitazielekeza kwako. Kuna mzee wa lori lililopinduka, hupiga kila asubuhi, ana sauti sana."

Meneja alimjua mzee wa lori. Aliishika simu ya makao makuu mwenyewe, akaongea kwa sauti ambayo hakuna aliyewahi kumsikia nayo, na kabla ya chakula cha mchana Malkia alikuwa na mkataba mpya, wa kitengo kingine, wenye nafasi ya kurudi uhasibuni daktari akimruhusu.

Siku Malkia alipoanza, ilibidi fundi aje kumfungia simu. Fundi alipiga magoti chini ya meza, katikati ya wanawake wawili, akichomeka waya. Malkia alisema jambo, Fundi akacheka, na Malkia akampiga begani kidogo kama mtu anavyompiga mdogo wake. Chiriku alihisi moto uleule wa zamani ukimpanda shingoni. Alivua hedifoni.

"Fundi."

"Naam, dada."

"Usiniite dada."

Meza za karibu zikanyamaza. Chiriku alisimama.

"Jamani, mnisikilize. Huyu ni mpenzi wangu. Kompyuta zikiharibika mwiteni, ndiyo kazi yake. Lakini mjue naangalia."

Ofisi ililipuka kwa vicheko na makofi, na mtu mmoja jikoni akapiga kigelegele. Fundi alitoka chini ya meza, vumbi kwenye paji la uso, mwanya nje.

"Bado una wivu," alimwambia kwa sauti ya chini.

"Ninao. Sitakudanganya kwamba umeisha."

"Wala sikuambii uishe. Ukikupanda, uje nao kwangu kwanza, usiende kwa bosi."

"Na wewe ukipewa siri ya mtu, niambie 'siwezi kusema'. Usiniambie tawi la pili."

"Nimekosa, mama. Sitarudia."

"Na Jumamosi dada yangu anataka kukuona."

"Nije kama nani?"

Chiriku alimfuta vumbi kwenye paji la uso. "Njoo na wazee wako, uje useme unachotaka kwetu."

Simu ya Malkia ikalia, yake ya kwanza. Alimwomba mteja asubiri, akafunika kipaza sauti kwa kiganja. "Mjibu, kijana. Kuna mtu kwenye simu hapa."

"Ndiyo," alisema Fundi. "Nitakuja, na wazee watakuja."

Alirudi chini ya meza kumalizia waya wake, mkono mmoja kwenye kazi, mwingine umeshika kifundo cha mguu wa Chiriku. Naye Chiriku akavaa hedifoni, akapokea simu iliyokuwa inasubiri. Alikuwa mzee wa lori. Alimkaribisha kwa sauti ya furaha hata mzee akasahau kufoka, akauliza kwa matumaini kama madai yake yamelipwa.