Mstari Mweupe wa Boti ya Antoine

Kila Jumamosi asubuhi, kwenye pwani ya Mboko, Alliance alikuwa na kazi ambayo watoto wengine waliionea wivu. Alisimama ziwani, maji yakimfika kiunoni, ubavuni mwa boti ya baba yake, akakodolea macho mstari mweupe uliochorwa kwenye mbao. Wabebaji walipakia magunia ya unga wa muhogo na bidoni, yaani madumu, za mawese za akina mama waliokwenda kuuza Mulongwe, mjini Uvira. Boti ilizama kidogo kidogo. Maji yalipougusa mstari, Alliance alipaza sauti: "Imefika!" Hapo upakiaji ulikwisha, na hata mama mwenye maneno mengi kuliko wote hakuongeza kikapu.

Haikuwa kazi ya mchezo. Baba yake, Antoine, alikaa nyuma akishughulikia mafuta na injini, na kutoka kule hakuweza kuuona mstari. Alitegemea sauti ya binti yake tu. Alliance alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na watu wazima walimtii.

Mwezi mmoja Antoine aliiondoa injini yake kuukuu ya nguvu za farasi kumi na tano na kununua nyingine ya farasi arobaini. Siku alipoijaribu, boti ikiwa tupu, pua yake iliinuka juu ya maji na pwani nzima ikapiga kelele. Tangu siku ile Alliance alivimba kichwa. Darasani hakukuwa na habari nyingine. Mwalimu akiuliza swali la hesabu, Alliance alitafuta njia ya kuingiza injini ya baba yake ndani ya jibu. Aliyeumia zaidi kwa majigambo hayo alikuwa Merdi, mvulana wa darasa lake, kwa sababu baba yake, Eugène, bado alisafiri kwa injini ya kumi na tano.

Jumamosi moja Merdi alikuja akasimama karibu naye majini, mikono kiunoni.

"Alliance, huu musitari ni wa lini?"

"Wa zamani. Papa aliuchora wakati alinunua boti."

"Wakati wa moteri ya kumi na tano. Sasa muko na ya makumi ine, na munasimama palepale kama shiye wa kumi na tano? Basi moteri yenu ni ya kuangalia tu?"

Alliance alihisi uso unawaka. Tuseme ukweli: swali la Merdi lilionekana la akili, na hakuwa peke yake kuliuliza. Mama Generose, mfanyabiashara mkubwa wa mawese pale Mboko, alikuwa akiimba wimbo huohuo tangu injini mpya ilipofika. Hata sasa alikuwa mchangani, bidoni zake zimepangwa, akisema kwa sauti ya kusikika na wote, "Moteri imekua, na musitari ukue!"

Maji yaliugusa mstari. Alliance alifungua mdomo. Akamtazama Merdi, akaufunga.

Bidoni za Mama Generose ziliingia, moja baada ya nyingine, kisha magunia ya mama mwingine, na mwingine. Mstari ukatoweka chini ya maji. Boti ilielea vizuri tu, haikuyumba wala haikuingia maji, na hilo ndilo lililomdanganya mtoto. Alijiambia kwamba Mama Generose alikuwa amesema kweli.

Muda mfupi baadaye pikipiki ilishuka mbio hadi pwani. Nyuma ya dereva, akishikiliwa na muuguzi Naomie, alikaa Apolline, shangazi yake Alliance, dada wa Antoine. Alikuwa na uchungu wa kuzaa tangu jana yake, na mtoto alikuwa amelala vibaya tumboni. Hiyo ilikuwa mimba yake ya kwanza, aliyoingojea miaka mingi hadi majirani wakachoka kumsengenya.

"Anapashwa kupasuliwa, na haraka," Naomie alisema. "Kule Uvira tu. Na barabara, mvua imeikata. Boti gani itafika ya kwanza?"

Kulikuwa na boti mbili tu. Ya Eugène ilikuwa karibu tupu, maana wateja wake wote walikuwa wamekimbilia injini mpya.

"Yangu ni kidogo, lakini iko mwepesi," Eugène alisema. "Mumulete."

Antoine alisimama nyuma ya boti yake, akamwangalia dada yake aliyejikunja kwa maumivu. "Alliance! Maji iko wapi?"

Watu wote walimgeukia. Hapo angeweza kusema. Lakini kusema kungemaanisha kushusha bidoni mbele ya kila mtu, na Merdi yuko pale, na ulimi wa Mama Generose uko pale.

"Haiyafika, Papa!"

"Basi mumulete kwangu," Antoine alisema. "Kama maji haiyafika kwa musitari, hakuna boti ya kunipita."

Walimlaza Apolline kwenye mikeka, kati ya magunia na akina mama waliokwisha kupanda. Alimwita Alliance apande, akamshika mkono. "Mutoto wangu, ukae hapa na minye," alisema, na akajitahidi kutabasamu.

Injini ilinguruma kama siku ile ya majaribio, ila pua ya boti haikuinuka. Boti ilijikokota. Mbele yake maji yalijikusanya kama tuta la shamba, nayo ikawa inalisukuma tuta hilo bila kulipanda. Kadiri Antoine alivyoongeza mafuta, ndivyo moshi na kelele vilivyoongezeka, lakini milima ya ufuoni haikusogea. Antoine alikunja uso. Aliijua boti yake, na aliujua mzigo wa kufika mstarini. Kama mzigo ulikuwa sawa, basi ugonjwa ulikuwa ndani ya injini.

Kwa hiyo alizima. Akaiinua injini, akapapasa panga zake za kusukuma maji akitafuta kipande cha wavu kilichonasa. Hapakuwa na kitu. Akafungua bomba la mafuta, akalipuliza, akalisafisha, akalirudisha. Wakati huo wote mawimbi yaliisogeza boti huku na huku, na Apolline aliuma kitambaa ili asipige kelele.

Sauti nyembamba ikasikika kutoka nyuma. Ilikuwa boti ya Eugène, na injini yake ya kumi na tano ikiimba bila shida. Merdi alikuwa mbele, amesimama. Eugène alipunguza mwendo.

"Antoine, iko shida? Tumuhamishe mugonjwa!"

Antoine alimgeukia binti yake. "Alliance. Maji haikupita musitari?"

Shangazi yake bado alikuwa amemshika mkono. Alliance alimwona Merdi, akaiona ile boti ndogo iliyowafikia, na aibu ikamshinda.

"Haikupita," alisema.

Antoine alimpungia Eugène. "Ni uchafu tu mu mafuta, nimeshatoa. Kumuhamisha mu mawimbi ni hatari. Mutangulie!"

Eugène alisita kidogo, kisha akaenda zake. Boti yake ikawa ndogo, ikawa nukta, ikapotea. Injini ya Antoine iliwaka tena, na boti ikaanza tena kujikokota vilevile.

Mkono wa Apolline ulilegea. Hata kitambaa hakukiuma tena. Naomie alimpapasa tumbo, akasikiliza kwa muda mrefu, akainua kichwa. "Antoine, fanya kitu. Wakati unatuishia."

Ndipo Alliance alipoangua kilio. "Papa, ilipita! Ilipita kule kule pwani, sikusema!"

Antoine aligeuza boti kuelekea ufuo wa Makobola. Walipogusa mchanga, Mama Generose alikuwa wa kwanza kuruka na kubingirisha bidoni zake nje. Magunia yakashushwa, wanawake wakashuka. Akabaki mgonjwa, muuguzi, Antoine na binti yake.

Boti iliruka. Pua iliinuka juu ya maji, upepo ukawapiga usoni, vijiji vikapita mbio. Injini haikuwa na ugonjwa wowote. Kwa Alliance ule mwendo ulikuwa adhabu, kwa sababu kila kilima kilichokimbia nyuma yao kilimwambia wangekuwa wamefika zamani. Alitamani isiende kasi namna ile, na papo hapo aliomba Mungu iongeze.

Madaktari wa Uvira waliyaokoa maisha ya Apolline. Mtoto alikuwa wa kiume, mkubwa, mwenye nywele nyingi. Hakulia. Naomie alitoka nje kumweleza Antoine, na Alliance, aliyekaa ukutani, alisikia kila neno.

Apolline aliporudi nyumbani, Alliance alikwenda kwake. Alipiga magoti mlangoni.

"Ingia," shangazi yake alisema. Alikuwa akikunja vitambaa vidogo alivyokuwa ameviandaa. "Sitakudanganya kwamba haiko kosa yako. Ni yako, na ya Mama Generose, na ya wote waliosema musitari ukue. Lakini sikiliza. Mizigo kupita musitari, ile ilikuwa ujinga, na watu wakubwa waliusaidia. Papa yako angeishusha kwa dakika kidogo. Alikuuliza pwani, ukasema uongo. Akakuuliza mu ziwa, boti ya kuniokoa ikiwa karibu yetu, ukasema uongo tena. Ukikosa, sema palepale, hata watu wakucheke. Ile aibu uliyoikimbia ingeisha siku ileile. Hii huzuni yangu haitaisha." Kisha akaendelea kukunja vitambaa, na machozi yake yakavidondokea.

Jumamosi iliyofuata Antoine aliwakusanya wafanyabiashara wote pwani. Alikuwa ameupaka mstari rangi upya, mahali palepale pa zamani.

"Moteri inasukuma tu," aliwaambia. "Yenye kubeba boti ni maji, na maji haijue kama nilinunua moteri mupya. Ukipakia sana, boti inazama, inasukuma maji mingi mbele yake, na nguvu yote ya makumi ine inaishia pale. Ndio sababu Eugène alinipita na kumi na tano. Tena wimbi moja la nguvu lingetuzamisha wote. Asiyetaka musitari huu, atafute boti ingine."

Mama Generose aliinamisha kichwa, akaigawa mizigo yake, nusu akaipeleka kwa Eugène.

Alliance alikuwa amemwomba baba yake amtafute mtu mwingine wa kuangalia mstari. Antoine alikataa. Kwa hiyo aliingia ziwani kama zamani, akasimama ubavuni mwa boti, maji kiunoni. Magunia yaliingia. Maji yalipanda.

"Imefika!"

Wabebaji walisimama. Antoine aliacha injini yake, akashuka majini na nguo zake, akazunguka hadi ubavuni. Aliinama, akaweka kidole kwenye mstari, akatazama mwenyewe. Halafu akarudi nyuma bila kumwangalia binti yake.

Zamani hakuwa akishuka. Siku hizi hushuka kila Jumamosi, na Alliance humngojea, maji kiunoni, mpaka aone.