Aliyeitika kwa Niaba ya Wakili

Alasiri ya Jumanne, tarehe 4 Novemba, Wakili alirudi chumbani mwake na kikombe cha chai mkononi, akamkuta mwendesha semina ya mtandaoni anamshukuru kwa swali lake zuri. Hakuwa ameuliza swali lolote. Muda wote ambao kompyuta ilikuwa ikihutubia meza na kiti juu ya sheria ya ushahidi, yeye alikuwa jikoni akimenya viazi na mama yake.

"Wamenichanganya na mtu," akajisemea. Akanusa. Chumba kilinuka majivu yaliyomwagiwa maji.

Yafaa ieleweke desturi ya mawakili wa mji ule. Kila mwaka, kabla ya tarehe 31 Desemba, wakili hutakiwa awe amekusanya alama za masomo ya kujiendeleza. Asipozipata leseni yake haihuishwi, na asiye na leseni hasimami mbele ya hakimu. Semina zilipohamia mtandaoni, mawakili walizitafutia dawa. Mtu hujiunga, huzima kamera na kipaza sauti, kisha huenda zake, jina lake likabaki katika kisanduku cheusi miongoni mwa visanduku vyeusi vya wenzake. Mara kwa mara kompyuta huuliza, "Je, upo?" na mhusika, popote alipo, hukimbia kubonyeza kitufe cha kuitikia. Wenyewe waliita jambo hilo kuacha kiti, nao walilichekea waziwazi katika korido za mahakama.

Wakili hakuwa mvivu. Akili yake yote ilikuwa rumande, alikofungiwa mdogo wake, mtunza ghala, ambaye nyumbani hawakumwita ila Kitindamimba. Alituhumiwa wizi wa shehena ambayo hata kuiona hakuiona, na shauri lake lilipangwa kusikilizwa tarehe 14 Januari. Dada mtu ndiye aliyekuwa akimtetea. Bila leseni, Kitindamimba angesimama kizimbani peke yake.

"Sikubonyeza kitufe hata mara moja," alimwambia wakili mwenzake wakiwa mahakamani, "lakini wamenihesabu nimehudhuria mwanzo hadi mwisho."

Mwenzake huyo, aliyejulikana kwa jina la Tai Nyekundu kwa kuwa hakuwa na tai nyingine, alicheka hadi karani wa zamu akageuka.

"Dada, ukipewa, pokea! Mimi mwaka wa pili huu, sura ya mwendesha semina siijui, na alama zangu zimetimia. Sijauliza, wala sitauliza."

Wakili naye hakuuliza. Jumanne iliyofuata, tarehe 11, aliacha tena kiti akaenda kukaa na mama yake. Walikuwa wakichambua mchele mezani mama aliposita, mkono ukabaki hewani.

"Mwanangu," alinong'ona, "huyo anayecheka chumbani kwako ni nani?"

"Ni semina, Mama. Wanazungumza watu wengi."

"Sauti za watu wengi nazijua. Hiyo ni yako."

Wakatega masikio. Ilikuwa kweli. Nyuma ya mlango uliorudishwa, sauti ya Wakili mwenyewe, yenye ule mkwaruzo mdogo aliorithi kwa marehemu baba yake, ilikuwa ikifafanua kifungu cha sheria kwa utulivu na ufasaha ambao yeye hakuwa nao tangu mdogo wake akamatwe. Aliinuka, akausukuma mlango. Sauti ikakatika. Kiti kilikuwa kitupu, ila alipouweka mkono juu ya mto wake aliuondoa upesi, kwa maana mto ulikuwa wa moto kama sufuria iliyoepuliwa sasa hivi.

Tarehe 25 Novemba alikwenda kumwona Kitindamimba, akaiacha kompyuta wazi kama kawaida. Getini alisimama mbele kabisa ya mstari. Askari akamwita mama mmoja aliyekuwa nyuma yake, akamwita mzee wa nyuma zaidi.

"Afande, zamu yangu," alisema Wakili.

Askari alitazama palipokuwa na uso wake kama mtu anayetazama ukuta, akamwita mwingine. Wakili akapaza sauti, hakuna aliyegeuka. Akatoa simu ili angalau aitazame semina, atulize moyo, na hapo ndipo alipoona kwamba kisanduku chake, peke yake kati ya vyote, hakikuwa cheusi tena: ndani yake aliketi yeye mwenyewe, kwenye chumba chake mwenyewe, amevaa blauzi ileile ya kijani iliyokuwa mwilini mwake pale getini, anatazama mbele bila kupepesa macho, na mlango wa nyuma yake ukafunguka, mama yake akaingia taratibu na sahani ya matunda yaliyomenywa, akaiweka mezani, akainama na kumbusu utosini yule aliyeketi, naye yule akageuza shingo polepole, zaidi ya shingo ya binadamu inavyoweza kugeuka, akamtazama bibi kizee akitoka.

Hakumbuki alivyofika nyumbani. Chumbani hakukuwa na mtu. Mama alikuwa sebuleni anashona kifungo, midomo imevimba malengelenge.

"Chai ya moto," alisema mama, akijigusa. "Au sijui ni nini. Umetoka chumbani saa hizi?" Akamkazia macho binti yake, akayafinya. "Sogea mwangani, mwanangu. Mbona leo sikuoni vizuri?"

Mganga waliyemleta kesho yake alikuwa bibi mfupi mwenye miwani minene. Alizunguka chumba, akanusa kiti, akakataa kukikalia.

"Mahakamani nimekwenda mara moja tu maishani," alisema, "kumdai mume. Nikashinda, nikampata, nikajuta. Haya, nieleze hizo semina."

Wakili akaeleza. Bibi alisikiliza, kisha akaongea kwa sauti ya chini, kana kwamba kuna mgonjwa kalala karibu.

"Huyu jini hakutumwa na adui. Mwenyewe umemkaribisha. Ulikuwa ukiitwa, huitiki, kiti kitupu. Akakaa, akaitika yeye. Kila anapohesabiwa yeye yupo, wewe unapungua. Ubani hautamtoa, mjukuu wangu. Atatoka siku utakapokikana kiti mbele ya walewale waliomhesabu. Useme kwa kinywa chako kwamba hukuwapo."

"Nikisema hivyo watafuta alama zangu zote. Leseni sipati. Na mdogo wangu?"

"Usiposema, tarehe hiyo ya Januari atakayesimama kumtetea si wewe."

Mama akafunika uso kwa upindo wa kanga. "Atamtetea vizuri?" aliuliza kwa kwikwi.

"Majini hayatetei, dada yangu," alisema mganga. "Yanachukua."

Semina ya tarehe 9 Desemba ilihusu maadili ya uwakili. Wakili aliketi mwenyewe kitini, mgongo ukiungua kana kwamba kuna mtu amebanana naye, na harufu ya majivu ikapanda hadi machoni. Kompyuta iliuliza, "Je, upo?" Kidole chake kikaanza kwenda chenyewe kwenye kitufe. Akakishika kwa mkono wa pili, akakikunja hadi kikalia ko, akafungua kipaza sauti.

"Ndugu mwendesha semina, mawakili wenzangu. Tarehe 4 Novemba, na kila Jumanne kabla ya leo, mimi sikuwapo. Aliyeitika si mimi. Futeni alama zangu. Mdogo wangu ana shauri tarehe 14 Januari na sitaweza kusimama naye. Naomba aliye tayari anisaidie."

Kiti kilitikisika, kitu kikapita begani mwake kama upepo wa tanuri, dirisha likajibamiza, harufu ikaisha. Mlangoni alisimama mama yake, machozi yakimtiririka.

"Nakuona," alisema mama. "Mwanangu, nakuona mzima mzima!"

Wakili akageukia kompyuta. Kisha kisanduku kimoja cheusi kikafunguka, akaonekana Tai Nyekundu ofisini kwake, ameketi wima, tai imefungwa barabara.

"Dada, usihangaike," alisema kwa upole. "Mdogo wako niachie mimi."

Wakili alilia kwa shukrani. Akachukua simu hapohapo, akampigia amshukuru kama inavyostahili. Ikaita mara kadhaa ikapokelewa. Upande wa pili zilisikika nyundo zikigonga bati na mtu akifokea bolti.

"Dada, sema haraka, niko gereji!" alipiga kelele Tai Nyekundu. "Gari limenizimikia tangu asubuhi, nimepaka grisi hadi masikioni. Enhe, semina vipi, wamesema nini cha maana?"

Wakili akainua macho. Katika kompyuta, yule mwenye tai alikuwa bado anamtazama yeye moja kwa moja, bila kupepesa, na pembeni mwa kisanduku chake, kimoja baada ya kingine, visanduku vyeusi vilianza kufunguka.