Uliniita Mteja

Siku ya mnada, duka la dawa za mifugo pale Maili Moja, Kibaha, lilijaa wafugaji na makelele. Stellamaris, ndani ya gauni la kitenge cha njano na raba nyeupe, aliingia akiulizia kwa sauti njia ya Magindu. Kabla hajafika kaunta, katoni ilimporomokea begani, begi lake la kamera likaanguka.

"Huna macho?" alifoka. "Lenzi ikivunjika utanipa dawa ya minyoo?"

"Samahani, dada yangu." Kijana mrefu, shati limenyooka kwa pasi, aliinama kuliokota. "Naitwa Ashrafu. Mzigo huu unakwenda Magindu. Nikufikishe, hasira ipungue?"

"Haipungui."

"Basi tupande nayo."

Stella alicheka bila kupenda. Toka siku hiyo wakawa wanasafiri pamoja. Ashrafu akishusha dawa vijijini, Stella alipiga picha za ndani ya makanisa madogo kabla hayajavunjwa yajengwe mapya: madhabahu za mbao zilizofunikwa vitambaa vya kufuma, mabenchi ya kuchonga kwa shoka, maua ya karatasi, mwanga uliopenya kwenye matundu ya matofali. Ashrafu, Mwislamu wa Kisarawe, alimshikia taa bila kunung'unika.

"Mpenzi, ukuta unauchekea," alimwambia siku moja katika kijiji cha Janga. "Mimi utanichekea lini?"

"Siku utakayonyamaza kama ukuta."

Mapenzi yakakolea. Siku walipofika kanisa moja dogo la udongo, ng'ambo ya Kisarawe, Stella alikuwa amechutama chini ya madhabahu akingoja jua litoke wingu. Ashrafu alikuwa nje, chini ya dirisha, akiongea kwenye simu.

"Hapana, mama. Mwanamke gani tena? Ni mteja tu, nampeleka kazini."

Jua likatoka. Stella hakupiga picha.

Ashrafu alipoingia, alimkuta anafunga begi. Mzee Evance, mlinzi wa kanisa, alikuwa akifagia, basi Stella alilazimika kugomba kwa kunong'ona.

"Mteja?"

"Stella, mama yangu hajajua. Mambo ya dini... nilitaka nimwandae kwanza."

"Makanisa yote haya umeingia na mimi. Kwenu ndiyo nigeuke mzigo wa dawa? Umenizingua, Ashrafu!"

"Punguza sauti, tafadhali."

"Sauti nimeshapunguza. Usinipunguze na mimi."

Alitoka, akasimamisha bodaboda, akaenda zake. Simu zilipigwa usiku na mchana, akazikata. Mwisho alipokea moja.

"Mpenzi, nisikilize."

"Mteja hana mpenzi," akajibu, akazima simu. Kisha akalia kwa hasira, maana alimpenda, na hilo ndilo lililomuudhi zaidi.

Mwezi ulipita. Akiwa Magindu peke yake, kanisani, alisikia mlango wa gari ukibamizwa. Akaingia mama mmoja mnene, mtandio wa zambarau, uso umekunjwa. Nyuma yake Ashrafu, amekonda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye mteja?"

Stella aliinua kidevu. "Ndivyo alivyokuambia mwanao."

"Mwanangu mwongo!" Mama huyo, Bi Swaumu, alimgeukia kijana wake. "Haya, sema! Hujanileta huku kote kuja kunionyesha mabenchi."

Ashrafu alimwonyesha Stella kwa mkono. "Mama, huyu ni Stella. Nampenda. Nataka kumuoa, akinikubali. Niliogopa, nikamkana."

"Suala la dini litatugombanisha, sifichi," Bi Swaumu akamwambia Stella. "Sijaja kusema ndiyo. Lakini sikuzaa mtoto wa kumkana mtu dirishani. Akikukana wewe leo, kesho atanikana mimi."

Ashrafu akasogea. "Nisamehe, Stella."

"Bado nina hasira."

"Kasirika. Ila usinikatie simu."

Stella alimtazama mashavu yaliyobonyea, na shati ambalo siku hiyo halikupigwa pasi. Moyo ulilegea, sauti haikulegea.

"Jumapili njoo kwetu Pangani," alisema. "Uyarudie hayo yote mbele ya baba yangu. Na ujiandae, maana yeye ana hasira kuliko mimi."