Mgeni Aliyekuja na Bastola

Watu wa ukoo wetu, hata ukituamsha usingizini, tutakutajia bunduki kwa kunusa mafuta yake tu. Sijisifu. Babu alimlaza kiboko kwa gobore, risasi moja, tena akiwa na mafua. Baba gobore hilohilo alililaza kitandani, mama akalala mkekani. Mimi shule niliachia darasa la sita, lakini bunduki nimezisoma mpaka chuo kikuu.

Kwa hiyo Novemba ile, nilipotoka zamu ya usafi uwanja wa ndege, sikwenda nyumbani. Nilipitia mji wa Märsta kuchukua bastola. Ya silinda, mashimo sita, ya kushindilia baruti, kongwe kiasi kwamba hapa Sweden haitaki leseni. Saa kumi alasiri, na giza lilishaingia.

Muuzaji, mzee Filip, hakunikaribisha ndani. Bastola alikuwa ameshaiweka kwenye sanduku, nje, juu ya theluji.

"Ilikuwa ya babu yangu," alinong'ona. "Chukua. Ukishachukua, usiirudishe."

"Mzee wangu, kwetu bunduki hairudishwi. Inaolewa."

Hakucheka. Alikuwa anatazama nyuma ya bega langu...

Kwenye treni nililipakata sanduku. Behewa lilijaa, watu wamesimama, lakini kiti cha pembeni yangu kilibaki kitupu. Bibi mmoja alitaka kukaa. Akainama. Akasita.

"Ursäkta," akasema. Samahani.

Hakuniambia mimi. Alikiambia kiti.

Nikajisemea, uzee huo.

Nyumbani Bredäng, ghorofa ya sita, mke wangu Gaudiosa alikuwa anajiandaa kwa zamu yake ya usiku hospitalini. Akaliona sanduku.

"Umeniletea mke mwenza wa chuma?"

"Mpokee. Huyu angalau hanuni."

Sasa, kwetu Bukoba mgeni hupewa kahawa ya kutafuna. Na katika ukoo wetu, bunduki ikiingia nyumbani mara ya kwanza ni mgeni. Unaiwekea punje, unasema, "Karibu, wewe na uliofuatana nao." Babu alisema hivyo, baba alisema hivyo. Lakini bunduki zao zilitoka dukani mpya, hazijaua mtu. Hilo mimi sikulifikiria. Nikamwaga punje kwenye kisahani, nikatamka maneno yote, kwa sauti ya bwana harusi.

Taa ya jikoni ikafifia. Ikaja harufu ya baruti... na ya sufu iliyolowa.

Kisha...

Krak.

"Optatus," Gaudiosa alinong'ona, "acha kutafuna."

"Sitafuni."

Krak. Krak.

Punje zilikuwa zinapungua kwenye kisahani.

Mjukuu wa muua kiboko nikabanwa na mkojo. Nilitaka kukimbia, sikatai. Ila Gaudiosa alisimama kwanza. Macho yake yamepoa kama ya samaki wa sokoni. Akavaa koti, miguu mitupu, akafungua mlango wa roshani.

"Unakwenda wapi?"

"Mgeni anaaga," akasema polepole. "Ameniomba nimsindikize."

Nilimrukia, nikamkumbatia kiunoni. Alikuwa mzito kama watu watatu. Mguu mmoja ulishapanda ukingo wa roshani, chini kule magari madogo kama viberiti. Nikavuta. Nikavutwa.

Aliyetafuna kahawa yako humfukuzi. Unamsindikiza. Lakini nani hasa amsindikize?

"Mgeni husindikizwa na aliyempokea!" nikapiga ukelele. "Aliyekukaribisha ni mimi! Mwache mke wangu, twende!"

Gaudiosa akalegea mikononi mwangu. Nikamkalisha jikoni, nikamfunika blanketi, nikabeba sanduku, nikateremka ngazi mpaka ziwani. Pembeni yangu theluji ilikuwa inabonyea, hatua kwa hatua, na mwenye miguu simwoni. Nikamwongelesha kama desturi inavyotaka: baridi, kazi, bei ya umeme. Ukingoni nikatupa sanduku majini.

"Wasalimie huko uendako."

Theluji haikubonyea tena.

Nikarudi napiga mluzi, kifua mbele. Kwenye ngazi nikampigia Filip, nimtambie.

"Babu yako nimemsindikiza, mzee. Ameondoka."

"Babu?" Alishusha sauti. "Babu alikufa kwa amani, kitandani. Wanaotembea ni wale aliowaua kwa bastola ile."

"Wale?"

"Walikuwa wawili. Ndugu. Wewe umemsindikiza yupi?"

Nilikuwa nimeshafika mlangoni, ufunguo mkononi. Ndani, Gaudiosa alikuwa anacheka taratibu, kicheko cha kumtoa mgeni aibu.

"Basi wewe kaa, shemeji," alikuwa anasema. "Mwenzako ameshaondoka."