Mapipa Niliyoona Haya Kuyafungua

Nina miaka arobaini na mitatu, mjane, mzaliwa wa Malindi. Nawaandikia kwa hasira ambayo miaka minne haijaipoza. Nisomeni taratibu, ndugu zangu, maana nataka muone kila hatua niliyokosea.

Nilikuwa nikisaga unga wa uji wa watoto. Ukame wa 1984 ulipoikaba Ganze, shule za chekechea za huko zilinitegemea mimi. Muuguzi mmoja wa zahanati akaniambia mahindi peke yake hayamjengi mtoto. Kwa nini? Fikirini ukuta wa mawe. Mwili nao hujengwa kwa mawe ya aina nyingi, yaitwayo asidi amino. Mahindi yana uchache wa jiwe moja, laisini. Likipungua hilo, hata urundike mengine, ukuta hausimami.

Laisini ilitengenezwa ng'ambo. Nikaandikia kiwanda, wakaniletea sampuli kwa posta: unga mweupe kama chumvi safi. Nikautia ndani ya chupa ya jemu. Wakanieleza pia kwamba ziko aina mbili: ya chakula cha watu, na ya chakula cha mifugo, ambayo haisafishwi sana. Mimi nilitaka ya watu!

Kazi ya kuagiza na kuutoa mzigo bandarini Mombasa nikampa mjomba wangu Athmani, ndugu wa mama, aliyenilea. Ningemwamini nani mwingine?

Meli ikafika. Mjomba akaja na mapipa manne na karatasi ya kutia sahihi, kwamba nimepokea nilichoagiza. Nikambusu mkono, nikashika kalamu... nikasita. Nilitaka kufungua pipa kwanza. Akaniona.

"Wanikagua, mwanangu? Mimi niliyekubeba mgongoni ukanikojolea?"

Waliokaa barazani wakaangua kicheko. Haya ikanipanda hadi masikioni. Kwetu, kupekua mzigo wa mjomba wako mbele ya watu ni kumvua nguo. Nikatia sahihi!

Kesho yake nilipofungua, unga ulikuwa wa kahawia, wanuka kama kitu kilichochacha. Mjomba akasema ni joto la melini, nisibabaike. Chupa ya sampuli ilikuwa rafuni, hatua mbili tu kutoka niliposimama. Sikuishusha. Nikachanganya... Mungu anisamehe, nikachanganya!

Siku tatu baadaye watoto wa Ganze walikuwa wakitapika na kuhara. Hakufa hata mmoja, alhamdulillahi, lakini walilazwa wengi. Mama Kadzo, ambaye mwanawe alikuwa bado hospitali, alisafiri hadi kwangu akamwaga unga wote mlangoni.

"Njaa yetu twaijua, dada," akasema. "Hii sumu yako hatuijui."

Nikamwita muuguzi. Akailowesha lebo ya pipa kwa maji ya moto, ikabanduka. Chini yake palikuwa na nyingine: chakula cha mifugo. Mjomba aliagiza ya bei rahisi, akabandika uongo juu!

Nilipomwendea, alitabasamu. "Kuku waila wakanona. Watoto itawadhuru nini?"

Kuku! Watoto wa watu awafananishe na kuku! Na nilipotaka kumshtaki, alitoa ile karatasi. Sahihi yangu hiyo, akasema, si yake.

Shule zikaukataa unga wangu, mwema na mbaya. Watoto wakarudia uji wa mahindi matupu, ukuta ukabaki na pengo lile lile. Hilo ndilo linalonichoma hadi leo.

Mwezi uliopita nilimwoza binti yangu. Mjomba akaja na gunia la mchele, uani watu wamejaa. Nikambusu mkono kama kawaida. Kisha nikaleta ungo na kisu, nikalifungua gunia mbele yake, nikamimina, nikachambua.

"Wanikagua, mwanangu?" Safari hii kwa sauti ndogo.

"Ndiyo, mjomba. Nakukagua."

Hakuna aliyecheka.

Wasomaji wenzangu, hasa nyinyi mnaoanza biashara, msiogope. Kazi hii yawezekana. Lakini shika sampuli mkononi, fungua pipa, linganisha, ndipo utie sahihi. Awe mjomba, awe mume, awe mwana wako wa kumzaa! Mwaminifu atakungoja umalize. Mimi niliona haya dakika moja tu, na walioumwa matumbo ni watoto ambao hata hawakuwapo barazani.