Aliyekaa Kwenye Kiti cha Chrispin

Maiti ya Chrispin Mushagalusa ilionekana Jumamosi, saa 9:40 mchana, huko Kasha, Bukavu, katika nyumba ya vyumba viwili inayotazama bonde. Alikuwa kwenye kiti chake, kichwa juu ya meza, waya wa chaji shingoni. Kompyuta ilikuwa bado inawaka mbele yake. Kwenye skrini meza ya poka iliendelea bila yeye, na wachezaji watano, wengi wa nchi za mbali, ambao hawakujua kitu.

Aliyemkuta ni Guy, fundi wa pikipiki wa miaka ishirini na saba, rafiki yake. Guy alipiga kelele. Majirani walikuja, wakamshika yeye. Ndivyo ilivyo kwetu: anayeita msaada ndiye anayefungwa wa kwanza.

Daktari wa serikali hakuja. Walisema gari halina mafuta. Mwaka 1998 gari halikuwa na mafuta, mwaka 2004 halikuwa na mafuta, na sisi hatujasahau. Mafuta hupatikana siku ya kumpokea mkubwa. Jumatatu Chrispin alizikwa, bila mtu yeyote kuandika alikufa saa ngapi.

Jumanne saa 3:00 asubuhi Emérence, mama yake Guy, aliketi mbele ya inspekta Grégoire. Saa 10:00 jioni Guy alikuwa apelekwe gereza kuu, mahali ambapo watu hungoja hukumu miaka sita na wengine hutoka ndani ya blanketi. Emérence alifundisha hesabu shule ya sekondari miaka kumi na tisa. Hakulia. Tangu Jumamosi alikuwa anasikia kila kitu kwa mbali, kama redio ya jirani.

"Maman, nakusikitikia," Grégoire alisema. "Lakini ordinatere, ile kompyuta, haisemi bongo, haidanganyi. Chrispin alicheza mara ya mwisho saa tisa na dakika kumi na sita. Mutoto wako aliingia mu parcelle ya Chrispin saa tisa na makumi mbili, jirani alimuona. Saa tisa na makumi ine, Chrispin iko maiti. Pale katikati kuko nani mwingine?"

"Alibisha mulango, akakaa ku baraza kumungojea. Aliona wanachelewa kumufungulia, njo akasukuma."

"Na Ijumaa waligombana juu ya moto, ile pikipiki. Kasha yote ilisikia."

"Mbele ya saa tisa na kumi, Guy alikuwa wapi?"

"Mu bisi ya Walungu. Chauffeur alihakikisha. Sasa inamusaidia nini?"

"Inamusaidia kama Chrispin alikufa saa saba."

Grégoire alicheka kidogo. "Maiti inachezaka poker?"

"Haichezake. Njo maana nimekuja. Ile siku miye nilikuwa ku ile meza."

Alitoa daftari la shule kwenye mkoba, akalifungua.

Chrispin ndiye aliyemfundisha poka ya mtandaoni, ile isiyo na kikomo cha dau. Kila mchezaji ana karata mbili anazoziona peke yake. Tano nyingine hufunguliwa katikati, kwa wote: tatu kwanza, halafu moja, halafu ya mwisho. Unaweza kufuata dau, kulipandisha, au kutupa karata. Unaweza pia kutia vyote ulivyo navyo, na hiyo huitwa tapis. Hapa Bukavu tunazitaja karata kwa Kifaransa: as ndiyo kubwa, chini yake roi, chini yake dame.

"Usikisie karata moja," Chrispin alikuwa akimwambia. "Mupe adui karata zote. Halafu kila anachofanya, ondoa zile asingezicheza vile. Zinazobaki, njo yeye."

Emérence alimwandikia kila adui ukurasa wake. Mwalimu asiyelipwa ana daftari nyingi.

"Angalia," alisema. "Chrispin alikuwa anatupa karata mara nane ku kumi. Jumamosi, saa saba na dakika makumi ine na saba, alisimama. Dakika sita hakuna kitu. Alipoanza tena, alikuwa anafuata kila dau, bila kupandisha. Mara mbili walifungua karata, wote tukaona: as na tatu, as na sita. Chrispin hawezi kufuata dau kubwa na as na tatu, hata kama amelewa. Nilijiuliza: huyu amegonjwa? Kumbe hakuwa yeye."

Grégoire aliacha kuchezea kalamu. "Basi kuko mutu aliingia, akamuua, akakaa akacheza saa nzima na nusu?"

"Ili mufikiri Chrispin iko muzima. Yule mutu alitaka kifo kikuje nyuma ya saa tisa, sababu nyuma ya saa tisa yeye iko na mashahidi. Guy hakuwa mu plan yake. Guy alikuja tu."

"Nani alijua mot de passe, neno la siri la kuifungua ordinatere ikilala?"

"Wanafunzi wake wa poker. Miye, Ghislaine, na Papa Évariste."

"Ghislaine!" Grégoire alipiga meza. "Ule muchumba aliyeachana naye. Iko na ufunguo mupaka leo. Nilijua, maman, nilijua."

Asubuhi ile ile, saa 3:00, alijua ni Guy. Emérence hakumkumbusha.

"Ghislaine muondoe," alisema. "Anacheza kwa woga. Anangoja as mbili ao roi mbili, zingine anatupa. Ukurasa wake huu, soma: mara mia mbili na kumi, hakufuata hata mara moja na as na karata ndogo. Mutu anaweza kubadilisha nguo ili asijulikane. Woga haubadilishe."

"Na weye? Na weye ulikuwa na mot de passe."

"Miye nilikuwa nacheza juu ya compte yangu, kwa jina langu, mu salle ya profs, na walimu wane waliniona. Waite."

Grégoire hakuwaita. Alibaki Évariste.

Évariste alikuwa karani katika ofisi ya viwanja, tena kiongozi wa shirika, jumuiya ya sala ya mtaa wao. Mtu wa mikono safi. Emérence aligeuza ukurasa wake, ulioandikwa kwa kalamu nyekundu tangu mwaka jana. Mistari ilikuwa miwili tu. *Haachi as. Anasimama saa tisa.*

"Jumamosi ule mutu alisimama tena saa tisa kamili," alisema. "Dakika tisa. Saa tisa Wakatoliki wa shirika wanasali Rozari ya Huruma. Chrispin alikuwa amekwisha kuacha kanisa. Ghislaine iko wa église de réveil, ya walokole, hana rozari."

Grégoire aliguna. "Maman, haya ni maneno ya karata. Nikimupelekea procureur, mwendesha mashtaka, atanicheka mupaka Goma."

"Kweli. Basi uyapime."

Aliomba karatasi. Alieleza mchezo wa saa 9:12, wa mwisho kati yake na jina la Chrispin. Yeye alikuwa na roi mbili, akapandisha. Yule mtu akafuata. Zilifunguliwa dame, nane na nne. Emérence akatia dau, yule akafuata. Ikaja nane nyingine. Akatia tena, yule akafuata polepole. Karata ya mwisho ikawa as, na hapo mtu aliyekuwa mpole akatia tapis. Emérence alitupa roi zake. Karata za yule mtu hazikufunguliwa. Hakuna aliyeziona ila aliyezishika, na kompyuta.

"Nilimupa karata zote, nikaondoa," alisema. "Dame peke yake? As ingemuogopesha. As na dame? Papa Évariste angepandisha tangu mwanzo, anazipenda sana zile. As na nane? Nane ya pili ingemupa nane tatu, asingetulia vile. As na karata ya bure? Hata yeye, mara mbili angechoka. Alikuwa na kitu kidogo cha kumushika pale, halafu as ikamukuta."

Aliandika, akakunja karatasi, akaiweka chini ya kiganja cha Grégoire.

Kompyuta ililetwa katika mfuko wa plastiki, na lakiri ya Jumamosi saa 10:30 bado haijavunjwa. Betri ilikuwa asilimia kumi na moja. Emérence hakuigusa, alimwambia Grégoire abonyeze wapi. Mchezo wa 9:12 ulitokea, na karata mbili za mwenye kompyuta zikiwa wazi.

As na nne.

Grégoire alifungua karatasi, akatazama skrini, akatazama karatasi tena. "Nyamuzinda, Mungu wangu!" alisema. "Maman, wee ni mulozi?"

"Miye ni mwalimu. Muite Évariste. Sema ni kwa kuandika tu historia ya marehemu. Na kompyuta uifunge."

Évariste alifika saa 5:10, shati jeupe, rozari imezungushwa mkononi.

"Maman Emérence, pole sana. Tunamuombea Guy ku shirika kila siku."

"Aksanti, papa."

Grégoire alimuuliza alikuwa wapi Jumamosi. Jibu lilitoka likiwa limepigwa pasi. "Saa tisa na nusu nilikuwa ku répétition ya chorale, kuimba. Batu makumi tatu waliniona, mupaka saa kumi na moja."

"Hakuna shida. Tunaandika tu."

Emérence alisema kwa sauti ile ile tambarare, akiangalia sakafu. "Miye kinachoniuma, Chrispin alikufa akicheza vibaya. Mchezo wetu wa mwisho alinifuata na dame, as ikaanguka, nikatia tapis, akaogopa akatupa. Mutu aliyetufundisha shiye wote! Alicheza kama mutoto."

Évariste aliangalia rozari yake. Vidole vilisogeza shanga moja, ya pili.

"Hapana," alisema.

"Nilikuwa pale, papa."

"Hapana, maman, tuache bongo. Wee njo ulitupa. As ilianguka, walikutilia tapis, ukafikiri dakika nzima, ukatupa. Ule mchezo ulichezwa muzuri sana."

Grégoire aliinua kichwa. Nje, mwenye moto ya abiria alikuwa anabishana bei na mteja.

"Nani alikuambia?" Grégoire aliuliza.

"Batu wanasema..."

"Batu gani? Ordinatere iko mu lakiri tangu Jumamosi. Wale wa Brazili njo walikupigia?"

Évariste alitabasamu, au mdomo wake ulijaribu. Emérence aliinua macho kwa mara ya kwanza.

"Nilikuwa na roi mbili. Nilitupa sababu nilijua uko na as na nne."

"Ulijuaje nne?" aliuliza Évariste.

Aliyasikia maneno yake mwenyewe baada ya kuyasema. Miaka miwili alikuwa mwanafunzi mbaya kuliko wote, na siku moja aliyocheza vizuri hakuweza kumwachia marehemu sifa. Aliketi, ingawa hakuna aliyemkaribisha.

Sababu aliieleza bila kuulizwa mara mbili. Mlima ule wa Kasha, wenye familia kumi na moja, alikuwa ameuandikia hati ya pili ya umiliki, kwa jina la mkubwa mmoja. Karatasi hiyo aliiandika kwenye kompyuta ya Chrispin, siku umeme ulipokatika ofisini, akasahau kuifuta. Chrispin aliikuta. Alimwambia: Jumapili nitaisoma mbele ya shirika lote. Jina la mkubwa Évariste alilitaja wazi. Grégoire hakuliandika. Sisi tunalijua.

"Saa tisa ulisimama dakika tisa," Emérence alisema. "Ulikuwa unafanya nini?"

"Nilisali Huruma."

"Yeye akiwa pale pembeni?"

"Nilimusalia yeye, maman. Si alikuwa ameacha?"

Askari wawili walimpeleka nyuma. Grégoire alipanga karatasi za ushahidi, akamsogezea Emérence kalamu. Ilikuwa saa 6:20.

"Weka sahihi hapa, maman. Guy atatoka. Kuko tu karatasi ya kutoka, tembre, zile stempu, vitu kidogo kidogo, unajua..."

Emérence alimwangalia Grégoire, akaanza kuondoa. Huyu alikuwa na karani mwenye marafiki wakubwa katika mahabusu yake. Maneno ya mdomoni Évariste angeyakana kesho mbele ya mwanasheria. Bila sahihi ya mwalimu hapakuwa na kesi, na bila kesi inspekta aliyemfunga kiongozi wa shirika angehamishiwa Shabunda, msituni, kabla ya mwezi kuisha. Grégoire hakuwa na kitu mkononi.

Alikamata kalamu. Hakuandika.

"Mutoto kwanza," alisema.

"Maman, procédure..."

"Miye niko na siku nzima, papa. Weye uko nayo?"

Grégoire alitazama mlango, akatazama kalamu. Aliita askari.

Guy alitoka bila mkanda wala viatu, jicho moja limevimba. Alisimama mbele ya mama yake.

"Wamekwisha kumuzika?"

"Jana. Enda. Panda moto, nitalipa ku nyumba."

"Na weye?"

"Enda, Guy."

Kupitia dirisha alimwona anapita geti. Alimwona anavuka barabara, anaongea na mwenye moto, anapanda nyuma. Alingoja mpaka mlio wa moto ukaisha kabisa kwenye mlima. Kisha akaandika jina lake, herufi kwa herufi, kama ubaoni.