Jiwe Lililo Nje ya Mlango

Gathogo ni mchonga mawe. Kila asubuhi hutoka kwake kijijini Murera na kwenda machimboni, na kutwa nzima hupasua mawe ya kujengea. Nyumba nyingi mpya upande ule zina mawe aliyoyachonga yeye. Yake mwenyewe ni ya mabati, lakini hayo tuyaache.

Jioni akirudi, haingii ndani mara moja. Nje ya mlango kuna jiwe kubwa. Huketi hapo kwa muda, peke yake, ameupa mlango mgongo. Kisha hunawa uso, huingia na kuanza mizaha. Mkewe, Tabby, alishazoea. "Wanaume na mawazo yao," husema, na kuendelea kumenya waru, viazi vya chakula cha jioni.

Mwaka jana Gathogo alijifunza kusoma. Alikuwa na miaka arobaini na sita. Mwalimu wake ni jirani yao Nelima, mama kutoka Bungoma. Nelima hufundisha watu wazima kila Jumamosi katika ukumbi wa kanisa kule Theta. Tangu Gathogo ajue kusoma, nyumba haikuwa na amani. Alisoma pakiti ya unga. Alisoma kalenda. Alisoma karatasi ya sabuni. Hata "Mbwa Mkali" kwenye geti la jirani aliisoma kwa sauti, mpaka mbwa mwenyewe akaitikia.

Jumanne moja, binti yao Waithira alirudi kutoka shuleni na daftari mkononi. Ana miaka kumi na mmoja, na yuko gredi ya sita. Kwa desturi ya Wakikuyu, binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake. Ndiyo maana Gathogo humwita "maitu", yaani mama yangu. Wala si utani. Kwake, neno la Waithira lina uzito wa neno la mama aliyemzaa.

"Baba, mwalimu amechagua hadithi yangu," Waithira alisema. "Nitaisoma Ijumaa mbele ya wazazi wote. Lakini kwanza mzazi aisome, halafu asaini hapa chini."

"Maitu, lete!" Gathogo alisema kwa furaha.

Zamani, karatasi za shule alikuwa akizibandika kidole gumba. Hii ingekuwa sahihi yake ya kwanza. Aliketi, akafuata maneno kwa kidole, moja baada ya jingine. Ilimchukua nusu saa. Kidole kilipofika mwisho, uso wake ulikuwa umebadilika.

"Sisaini," alisema.

"Kwani iko na makosa, baba?"

"Umeandika ati mimi ni mtu wa kukaa nje ya nyumba yake. Mtu hataki kuingia kwa watoto wake! Hiyo ndiyo utasomea watu?"

"Baba, si hivyo..."

"Nimesoma na macho yangu! Hii hadithi haitoki hapa. Na kama kusoma ni kujisomea matusi, heri ningebaki vile nilikuwa."

Aliliweka daftari chini ya godoro. Kisha akamwambia Tabby amrudishie Nelima kitabu cha darasa. Waithira alichukua mtungi, akaenda mferejini. Huko alilia mpaka mtungi ukafurika.

Jumatano jioni Tabby alikirudisha kitabu. Lakini alirudi nyumbani na mwalimu mwenyewe, na kitabu kwapani mwa mwalimu.

"Hodi hapa! Baba Waithira, nasikia umemaliza shule."

"Karibu, mwalimu. Nimesoma ya kunitosha."

"Umesoma maneno," Nelima alisema, akivuta stuli. "Lakini hadithi iko na watu ndani. Hao umewasoma? Lete daftari tuone."

Mgeni ni mgeni. Gathogo alilitoa daftari chini ya godoro. Tabby, ambaye hakuwa ameiona hadithi hiyo, alipunguza moto wa jiko ili asikie vizuri. Waithira alijificha nyuma ya pazia. Nelima alisoma kwa sauti, polepole:

"Nje ya mlango wetu kuna jiwe. Jioni baba hukaa hapo. Haingii. Mimi humwangalia kutoka dirishani. Baba huziba mdomo kwa kofia yake, na kofia hutikisika. Mimi huhesabu. Jana ilikuwa kumi na saba. Moyo wangu hujaa kihoro. Humwomba Mungu kimya kimya mpaka kofia itulie. Kisha baba hunawa uso. Huingia akicheka, na humrusha juu ndugu yangu mdogo, Mwas. Mama hucheka. Mwas hucheka. Mimi pia hucheka, ili baba asijue kwamba ninajua."

"Umesikia?" Gathogo alisema. "Haingii. Imeandikwa."

"Na hapo ndipo uliacha kusoma," Nelima alijibu. "Tuanze na mtu. Tabia ya mtu kwa hadithi huwezi kuijua kwa tendo moja. Angalia lingine, na lingine. Huyu baba anafanya nini na kofia?"

"Anaziba mdomo."

"Akiingia je?"

"Anacheka. Anarusha mtoto juu."

"Mtu asiyetaka watoto wake anaweza kufanya hivyo?"

Gathogo alikuna kichwa. "Hapana. Huyu anawapenda."

"Vizuri. Na hili neno, kihoro, unalijua?"

"Silijui. Nilifikiria ni chuki."

"Ulikisia. Neno usilolijua, ulizia kwa majirani wake. Soma sentensi iliyo kando."

Kidole cha Gathogo kilirudi kwenye karatasi. "Hu-mwo-mba Mu-ngu." Akaisoma tena. "Mtu akikuchukia hawezi kukuombea hivyo. Basi ni huzuni. Ama ni woga?"

"Yote mawili kwa pamoja. Hicho ndicho kihoro. Sasa swali la mwisho. Hadithi yoyote iko na hali yake. Ni kama kuingia kwa nyumba ya watu: kabla hujaambiwa kitu, unajua kama kuna sherehe ama kuna matanga. Hii yetu iko na hali gani?"

"Mwisho kila mtu anacheka," Gathogo alisema polepole. "Lakini si furaha. Huyu mtoto anacheka akiogopa. Anaogopea baba yake."

Aliposema hivyo, aliondoa kidole kwenye karatasi. Alikuwa ameelewa.

Tabby aliweka kisu chini. "Baba Waithira," aliita. "Kumi na saba ya nini?"

Gathogo aligeuza kofia yake mkononi.

"Nimeuliza, kumi na saba ya nini?"

"Ya kukohoa," Gathogo alisema. "Ni vumbi ya mawe. Imenishika tangu mwaka juzi. Nilikuwa namalizia huko nje, ndio msisikie."

"Haiya! Miaka miwili, na mimi hapa nasema ni mawazo!"

Gathogo hakuwa akimsikia. Alikuwa akilitazama daftari. Mambo aliyoyaficha kwa kofia na kwa mgongo, mtoto wa miaka kumi na mmoja alikuwa ameyaona yote. Aliyaona, akayabeba peke yake, akacheka ili asimwaibishe. Tangu mama yake azikwe, alidhani hakuna tena mtu duniani anayemtazama namna hiyo.

Mimi ninayesimulia pia nimefundisha watu kusoma kwa miaka mingi, na bado jambo hili hunishangaza. Alama ndogo nyeusi, zimechorwa kwa kalamu ya shilingi chache, na mtu mzima anajikuta humo, amependwa, naye hakujua.

"Maitu," Gathogo aliita. Waithira alitoka nyuma ya pazia. "Uliniona."

"Kila siku, baba."

Alimkumbatia, na machozi yakamtoka mbele ya mgeni. Kisha akaomba kalamu. Aliandika jina lake kubwa, likajaza nafasi ya sahihi na likamwagikia pembeni. Nelima alimwachia kitabu cha darasa mezani.

Alhamisi Gathogo hakwenda machimboni. Tabby alimpeleka hospitali Thika, akamshika mkono kama mtu anayeweza kutoroka, na kweli angetoroka. Walimpima makohozi, wakampiga picha ya kifua.

"Hakuna kifua kikuu," daktari alisema. "Ni vumbi. Limeanza kuumiza mapafu, na ungekawia zaidi tungekuwa tunasema mengine. Mwagia jiwe maji kabla ya kulikata, ili vumbi lisipande. Vaa barakoa nzito, si kitambaa. Na usiache kurudi kupimwa."

Ijumaa Waithira alisimama mbele ya wazazi, akasoma. Alipofika kwenye kumi na saba, akina mama kadhaa waliinua vichwa. Baadaye mama mmoja aitwaye Wakonyo alimvuta Gathogo kando. Mume wake pia huchonga mawe.

"Wangu hukohoa akienda kwa ng'ombe," alisema kwa sauti ya chini. "Nasikia ulienda hospitali jana. Ni gani?"

Siku hizi, machimboni, Gathogo ana ndoo ya maji na barakoa. Mwanzoni wenzake walimcheka, wakampa jina la daktari. Sasa wanne wana ndoo zao. Jumamosi haikosi darasa. Akisoma hadithi mpya, huuliza kwanza watu wake wanafanya nini, ndipo aseme wakoje. Neno likimshinda, huulizia kwa majirani wake.

Jioni moja alirudi kutoka kazini. Alilipita jiwe lile bila kuketi, akaingia moja kwa moja. Kifua kikamkereketa, akakohoa pale pale sebuleni, mbele ya watu wote. Tabby alimpa maji. Mwas alimwiga, kohoo kohoo, mpaka wote wakacheka.

Waithira alikuwa mezani, akiandika.

"Maitu," Gathogo alimuuliza, "leo ilikuwa ngapi?"

Waithira aliinua kichwa, kana kwamba ameamshwa.

"Sijui, baba," alisema. "Leo sikuhesabu."